UMBO LA BIDHAA NALO NI MALI

Kwa miaka mingi tumekuwa tukihimizana, katika mikutano ya hadhara na katika kurasa za magazeti, juu ya wajibu wa kuzalisha zaidi. Tumehimizana kulima zaidi, kuvua zaidi, kusuka zaidi na kuchonga zaidi. Wito huo ulikuwa wa haki na ungali wa haki. Hata hivyo, tunaona wakati umefika wa kuuongezea jambo jengine ambalo halijapewa uzito unaostahiki, nalo ni umbo la kile tunachokizalisha. Visiwa vidogo kama vyetu haviwezi kushindana na nchi kubwa kwa wingi wa bidhaa, wala haviwezi kushindana nazo kwa urahisi wa bei. Njia iliyobakia ni kushindana kwa fikra, yaani ile fikra inayotangulia kabla ya msumeno kugusa ubao na kabla ya sabuni kumiminwa katika kalibu.

Fikra hiyo ndiyo fani ya usanifu wa bidhaa. Wako wanaodhani kwamba kusanifu ni kupaka rangi au kutia nakshi juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Dhana hiyo inapunguza thamani ya jambo lenyewe. Anayesanifu bidhaa hujiuliza mapema: nani ataitumia, ataishikaje, itawekwa wapi, itasafirishwa kwa chombo gani, itavunjika wapi kwanza, itatengenezwaje kwa zana tulizonazo, na mnunuzi ataitambuaje katikati ya nyengine nyingi zinazofanana nayo. Majibu ya masuala hayo, yakikusanywa pamoja, ndiyo yanayoipa bidhaa umbo lake. Nakshi huja baadaye.

Elimu hii si ngeni kwetu. Tuitazame mbuzi ya nazi iliyomo katika kila nyumba ya Unguja na Pemba. Ni mbao zilizopishanishwa, zikakunjuka kuwa kiti na kukunjika kuwa bapa la kuegemezwa ukutani. Ulimi wake wa chuma wenye meno umetokeza mbele kwa kiasi cha kumwezesha mkunaji kuibana mbuzi kwa uzito wa mwili wake, ili mikono yote miwili iwe huru kukizungusha kifuu. Tukitazame kifumbu, mfuko wa ukili ambao kwa kusokotwa tu hukamua tui na kubakisha machicha. Tulitazame kawa, ambalo hufunika chakula kikasalimika na nzi huku mvuke ukipata njia ya kupita. Hatuyajui majina ya waliobuni vyombo hivyo, lakini kazi yao inatuonesha watu waliokaa, wakafikiri, wakajaribu na wakarekebisha. Sisi tumezirithi bidhaa zao. Tabia yao ya kubuni ndiyo tuliyoiacha ipotee.

Ushahidi wa upotevu huo unaonekana katika maduka na barazani. Fundi mmoja akitoa kijisanduku cha namna mpya, haupiti muda mrefu mtaa mzima huwa unatoa kijisanduku kile kile. Kwa kuwa vyote vinafanana, mnunuzi hana cha kuchagua isipokuwa bei. Hapo mafundi huanza kushushiana bei, na anayeshusha bei hana budi kushusha ubora: mbao mbichi badala ya kavu, gundi badala ya kiungo, misumari midogo badala ya bawaba nzuri. Mwisho wake yule aliyebuni hakupata malipo ya ubunifu wake, waliomuiga hawakupata faida ya kuwatosha, na mgeni aliyenunua anafika kwao na kisanduku kilichopasuka, akiwa na jina la Zanzibar kinywani na si kwa sifa njema. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kisichotambulikana na kibaya kilichokiiga hujitembeza pamoja katika baraza moja.

Wako watakaosema kwamba usanifu ni anasa ya nchi tajiri zenye viwanda vikubwa. Historia ya mwambao wetu inawajibu. Kanga ilianza kuenea hapa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mjini Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Kwa miongo mingi kanga za Afrika Mashariki zilipigwa chapa India, Ulaya na Japani, kwani wauzaji wa mwambao hawakuwa na mitambo. Kilichokuwa mikononi mwao ni elimu ya umbo: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, jina lililoandikwa mahali pake, na doti ya vipande viwili vinavyofanana. Walijua mwanamke wa Unguja, wa Lamu na wa Mombasa anataka rangi gani na maneno gani, na kwamba akina mama wakikikataa kitambaa hakuna wa kuwalazimisha. Wakachagua michoro, wakaagiza, na viwanda vikubwa vya ng’ambo vikafuata amri ya duka dogo la mwambao.

Ni kweli kwamba faida ya mitambo ilibakia ng’ambo, na ndiyo maana baada ya uhuru nchi zetu zilijenga viwanda vya nguo, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini somo la mwanzo lisisahauliwe. Mwenye mtambo bila ya umbo lake mwenyewe hubakia kibarua wa umbo la mwengine. Mwenye umbo lake, hata kama mtambo hana, ana pa kuanzia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na zama zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu na mafundi wa mabati walishughulikia tatizo la makaa. Jiko la zamani lilikuwa la bati tupu. Joto lilipotea ubavuni na makaa yakaisha upesi. Walichukua fikra ya jiko la ndoo la Thailand lenye udongo ndani, wakaibadilisha ilingane na mapishi na sufuria za Afrika Mashariki. Udongo wa majaribio ya mwanzo ulikuwa ukipasuka. Umbo lililokuja kushinda ni lile lenye kiuno chembamba na kitako kipana: kigae cha udongo uliochomwa kikakaa sehemu ya juu tu, kiuno kikakibeba, na kitako kikalizuia jiko lisipinduke wakati ugali unaposongwa. Hutajwa kwamba jiko hilo huokoa makaa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu.

Lililo muhimu kwetu ni nani aliyelitengeneza. Hakikujengwa kiwanda kikubwa. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilitengeneza kwa nyundo, patasi na bati, na wafinyanzi wakafinyanga vigae. Jiko likaenea Kenya, likavuka mipaka na kufika Tanzania na Uganda. Umbo moja lililofikiriwa vizuri lilitoa kazi kwa mafundi wengi na likapunguza gharama za jikoni kwa wananchi. Lakini kwa kuwa kila mtu alikuwa huru kuliiga bila ya kipimo, yakatokea pia majiko yenye sura ile ile na kigae dhaifu. Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili kwa pamoja: umbo jema lienee, na umbo jema liwe na ulinzi wa ubora wake.

Mfano wa tatu unatoka mbali, lakini unamhusu kila mtu anayeishi kisiwani. Mwaka 1943, huko Sweden, kijana Ingvar Kamprad alianzisha biashara ndogo ya kuuza vitu kwa njia ya posta, akaiita IKEA. Mwaka 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, alishindwa kuiingiza meza katika gari. Akaing’oa miguu. Kutokana na tatizo hilo dogo ikakua biashara ya samani zinazofungwa bapa katika boksi na kuunganishwa na mnunuzi nyumbani kwake, na leo jina hilo linajulikana duniani kote.

Sisi wa visiwani tungepaswa kuwa wa mwanzo kulielewa jambo hilo, kwani kila tunachokiuza nje lazima kivuke maji. Kiti kilichoundwa kizima hulipiwa nauli ya upepo uliomo chini yake. Kitanda kisichofunguka hutoka Wete hadi Malindi kikiwa kimechukua nafasi ya vitanda vitano. Vikapu vya ukili vikisukwa kwa vipimo vitatu vinavyoingiana, kimoja ndani ya chengine, vyote husafiri katika nafasi ya kimoja. Mtalii anayeondoka kwa ndege ana begi lenye mipaka, na seremala anayejua upana wa begi hilo atauza zaidi ya seremala asiyeujua. Hakuna mtambo unaohitajika kwa hayo, bali kipimo, penseli na subira. Na tukumbuke kwamba mbuzi ya nazi ilikuwa ikikunjwa kabla ya meza ya Sweden kung’olewa miguu.

Tuligeukie sasa zao la mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni akina mama. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mwani imekuwa ikitoka nje ya nchi ikiwa kavu, ndani ya magunia, ili huko ikamuliwe utomvu unaotumika kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Mwenye kusimama ndani ya maji ya chumvi tangu bamvua hadi bamvua ndiye anayepata sehemu ndogo kabisa ya thamani. Vikundi vya akina mama katika vijiji kama Kidoti, Bweleo na Paje vilionesha njia kwa kuugeuza mwani kuwa unga na sabuni. Hiyo ni hatua ya heshima, na inastahiki kuungwa mkono kwa vitendo.

Hapa ndipo usanifu unapopata kazi yake. Sabuni ya mwani iliyokatwa kwa kisu bila ya kipimo, ikafungwa kwa karatasi inayonyonya maji, hushindwa dukani kabla ya mnunuzi kuinusa. Sabuni ile ile, kwa dawa ile ile na mikono ile ile, ikimiminwa katika kalibu yenye umbo lake, ikawa na kipimo kimoja kwa ajili ya hoteli na chengine kwa ajili ya zawadi, ikafungwa kwa karatasi inayostahamili unyevu wa pwani na kuandikwa waziwazi kilichomo ndani, huwa bidhaa nyengine kabisa. Aliyeitengeneza hakuongeza hata pishi moja ya mwani. Ameongeza fikra, na fikra hiyo hulipwa. Kalibu za mbao zinaweza kuchongwa na seremala wa kijiji hicho hicho. Hivyo basi, usanifu mmoja huwapa kazi wawili.

Lakini tuonyane. Sura nzuri juu ya kitu kibovu ni ghushi, na ghushi ni haramu kabla ya kuwa kosa la biashara. Walimu wetu wa chuoni walitufundisha kwamba kazi ikifanywa ifanywe kwa ukamilifu, na kwamba mizani isipunjwe. Usanifu wa kweli huanzia ndani ya bidhaa na kumalizikia nje. Kwa sababu hiyo anayefikiria umbo asiache kufikiria kipimo, na Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, itazamwe na wazalishaji wadogo kuwa ni mwenzao wa kazi na si askari wa kuogopwa.

Sasa tuje katika sheria, kwani hapa ndipo wengi wanapodhulumika kwa kutokujua. Sheria Namba 4 ya mwaka 2008 ya Zanzibar, inayohusu mali za viwandani, inayatambua maumbo ya bidhaa kuwa ni mali inayoweza kusajiliwa, kama inavyozitambua hataza za uvumbuzi na alama za biashara. Usajili unashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Aliyesajili umbo ana haki ya kumzuia mwengine asilitengeneze kwa biashara bila ya ruhusa yake, na pia anaweza kuikodisha au kuiuza haki hiyo. Ulinzi huo una muda wake. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 uliweka kiwango cha ulinzi kisichopungua miaka 10, na baada ya muda kwisha umbo huwa la watu wote. Huo ni uadilifu: mbunifu apate jasho lake, kisha umma upate faida.

Wananchi wafahamu mambo manne. Kwanza, kinachosajiliwa ni umbo jipya. Mbuzi ya nazi, kawa na mlango wa nakshi wa wazee wetu ni urithi wa wote na hakuna anayeweza kuvifanya vyake. Lakini mbuzi mpya yenye umbo ambalo halijapata kuonekana ina mwenyewe. Pili, upya huo huweza kupotea kwa kuanikwa. Fundi anayekipeleka kitu chake kipya katika maonesho kabla ya kuombea usajili anaihatarisha haki yake mwenyewe. Aende ofisini kwanza, maonesho yafuate. Tatu, usajili una mipaka ya nchi na mamlaka. Mambo haya si ya Muungano, hivyo aliyesajili Unguja asidhani kwamba tayari amejilinda Dar es Salaam au Mombasa. Nne, umbo ni kitu kimoja na jina ni chengine. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili Uingereza neno “kikoy”, jina la vazi letu la mwambao. Watetezi wa wafumaji wa Kenya wakasimama kupinga, na ombi hilo halikufika mwisho wake. Walifaulu kwa sababu walikuwa macho. Asiyekuwa macho huamka akaambiwa kwamba jina la nguo aliyolala nayo lina mwenyewe.

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa pia na watendaji wa Serikali, tunapenda kuwaelekea kwa heshima na kwa uwazi. Sheria iliyomo kabatini haimlindi fundi wa Mkoani wala msusi wa Makunduchi. Kila mwezi wa Januari, katika shamrashamra za Mapinduzi, huwepo maonesho ya biashara ambayo wazalishaji wetu huyategemea. Ingefaa wiki kadhaa kabla ya maonesho hayo maofisa wa usajili wawafuate mafundi wilayani, Unguja na Pemba, wakiwa na fomu zilizoandikwa kwa Kiswahili chepesi na mtu wa kuwasaidia wasiojua kuchora. Ada nazo zipimwe kwa mfuko wa mama wa kikundi cha sabuni. Serikali hupoteza zaidi pale umbo la mwananchi linapochukuliwa na mgeni bila ya jasho.

Wakala wa Maendeleo ya Viwanda Vidogo na vya Kati, uliowekewa sheria yake mwaka 2018, una nafasi ya pekee katika jambo hili. Mkopo wa fedha ni msaada, lakini mkopo wa fedha kwa bidhaa isiyo na umbo hurudi kuwa deni. Karibu na fedha pawepo meza ya kuchorea, karakana ya majaribio na fundi mzoefu wa kushauri. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pamoja na vituo vya mafunzo ya amali vinaweza kuwapa vijana kazi ya kweli: kila mwaka wachague bidhaa moja ya kijiji kimoja, wakakae na wanaoitengeneza, kisha waisanifu upya pamoja nao. Tunasisitiza pamoja nao, kwani msomi anayesanifu kawa bila ya kumuuliza aliyesuka kawa miaka 30 atachora kitu kizuri katika karatasi na kisichosukika katika mkono.

Aidha, Serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa. Madawati ya skuli, vitanda vya hospitali na samani za ofisi hununuliwa kwa fedha za umma. Zabuni zikitaka dawati lililosanifiwa hapa, linalolingana na kimo cha mtoto wa hapa, linaloweza kutengenezwa na karakana ndogo kadhaa kwa mchoro mmoja na kubadilishwa mguu uliovunjika bila ya kutupwa zima, basi fedha hiyo hiyo itanunua madawati na itajenga mafundi. Kujitegemea tulikokuhubiri tangu mwaka 1967 hakuna maana nyengine iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Nao mafundi wenyewe wasisubiri kila kitu kutoka ofisini. Waungane katika vyama vya ushirika, wakubaliane kutokuibiana maumbo, na atakayelitaka umbo la mwenzake aliombe na alilipie. Wazihifadhi michoro yao na kuiandika tarehe. Wawasikilize wanunuzi, hasa wanaolalamika, kwani malalamiko ya mnunuzi ni mchoro wa bidhaa ijayo. Wasione haya kukivunja kitu walichokitengeneza ili wajue kilivunjikia wapi. Wazee waliotuachia mbuzi na kifumbu hapana shaka walivunja vingi kabla ya kutuachia kimoja kilicho sawa.

Uchumi wa visiwa hivi umepitia karafuu, umepitia mwani, na sasa unategemea sana wageni wanaokuja kuitazama bahari yetu. Bei za hayo yote hupangwa zaidi na watu walio mbali. Umbo la bidhaa hupangwa na sisi wenyewe, mezani petu, kwa akili zetu. Kijana wa Kizanzibari anayeshika penseli leo akauliza kiti hiki kwa nini kisikunjike anafanya kazi ya ujenzi wa taifa sawasawa na anayeshika jembe, na anastahiki kupewa heshima hiyo hiyo, pamoja na ulinzi wa sheria na malipo ya haki.